Bomba la Saba

Nukta alivunjika mguu kwenye ngazi za ofisi. Miaka yote alikuwa akipanda vilima vyenye utelezi na mabegi ya vifaa mgongoni, hakuwahi kuteguka hata kidole. Siku aliyoshuka ngazi kwenda kutoa nakala ya karatasi moja, akakanyaga hewa. Wenzake walimcheka, naye mwenyewe alicheka, mpaka alipojaribu kusimama.

Daktari alimfunga plasta hadi juu ya goti akamwambia akae nyumbani atulie. Kukaa alikaa, ila kutulia hakukuwezekana. Nukta alikuwa mhandisi wa udongo katika kampuni iliyopewa kazi ya kupanua barabara chini ya kilima kimoja, pembezoni mwa mji. Ili barabara ipate nafasi, sehemu ya chini ya kilima ilikuwa imechimbwa na kuondolewa, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba kilichobaki juu kinaendelea kusimama. Jina hilo la Nukta walimpa kazini, baada ya kusimamisha kikao kizima kwa sababu ya nukta moja iliyokaa mahali pasipo pake kwenye hesabu.

Kwenye mteremko walikuwa wamezamisha mabomba tisa membamba. Ndani ya kila bomba, chini kabisa, kulikuwa na kifaa kinachopima maji yaliyomo kwenye udongo na kutuma kipimo hicho kwa mtandao. Vipimo viliingia kwenye programu ya kukokotoa iliyokaa kwenye mashine kubwa, katika nchi ambayo Nukta hajawahi kuikanyaga. Yeye alihitaji kivinjari na bando tu. Aliketi sebuleni, mguu juu ya stuli, kompyuta yake kuukuu mapajani, akafungua ukurasa, akaandika nywila, na kilima chote kikaja mbele yake: mstari wa mteremko, tabaka za udongo kwa rangi, na mabomba yote kama vidoti vya kijani. Akibonyeza, mashine ya mbali ilipitia maelfu ya njia ambazo udongo ungeweza kuporomokea, kisha ikamletea namba moja. Moja nukta tano, kila mtu alale usingizi. Chini ya moja nukta mbili, mkataba ulisema barabara ifungwe na watu wa chini wahamishwe. Ikishuka chini ya moja, uzito wa kilima umeshazidi nguvu ya udongo kujishikilia.

Baba yake, ambaye alikuwa akiishi naye, alikuwa mwamuzi wa mpira mstaafu, na hakuisha kuistaajabia kazi hiyo.

"Sasa hiyo hesabu inafanyika humu ndani?" aliuliza, akigonga mgongo wa kompyuta kwa kidole.

"Hapana, baba. Inafanyika huko mbali. Hapa naletewa majibu tu."

"Kwa hiyo wewe unauliza, mwingine anafikiri."

"Ndiyo hivyo."

"Na ada zote zile nilizolipa!" alisema mzee, akaenda kuchemsha chai.

Mvua ilianza kama mchezo, ikaendelea kwa siku kadhaa hadi mitaro ikasahau kazi yake. Kila asubuhi Nukta alifungua kilima chake na kutazama. Namba ikashuka polepole, kama ilivyotarajiwa. Kisha asubuhi moja ikashuka ghafla. Mabomba manane yalionyesha maji yamepanda kidogo tu. Bomba la saba, lililokuwa katikati ya mteremko, lilionyesha maji yanapanda kwa kasi, peke yake, kama mtu anayekimbia uwanjani wenzake wote wakiwa wamekaa. Programu ilitoa moja nukta moja saba.

Alirudia hesabu. Moja nukta moja saba. Akampigia mkurugenzi, baba yake ameketi kando anasikiliza.

"Nukta, pumzika," mkurugenzi alimwambia kwa sauti ya upole. "Najua mguu unakusumbua."

"Mguu wangu haumo kwenye hesabu, bosi. Lazima tufunge barabara."

"Tunafungua barabara hiyo rasmi mwisho wa mwezi, wewe unataka niifunge? Mabomba manane yanasema heri, moja linasema shari. Unaamini lipi?"

"Hilo linalosema shari."

"Hicho kifaa ni kibovu. Nitaongea na Mpima."

Simu ikakatika. Nukta alirudi kwenye skrini. Kwenye ukurasa kulikuwa na kishale cha pili, na kilikuwa kinatembea. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika kikombe cha chai. Kishale kilipita taratibu juu ya mabomba, la nne, la tano, la sita, kikasimama kwenye la saba. Kisanduku chake kikaondolewa alama. Kidoti kikageuka kijivu. Kisha mtu yule, popote alipokuwa, akabonyeza kitufe cha kukokotoa, na mbele ya macho ya Nukta namba ikapanda: moja nukta tatu nane. Ukurasa mzima ukawa kijani.

Aliandika kwa haraka kwenye nafasi ya maelezo: *Wewe ni nani?*

Herufi zikaanza kujitokeza chini ya zake, moja baada ya nyingine. *Ni mimi, Mpima. Saba ni kibovu. Amri ya bosi.*

Yeye na Mpima walifahamiana miaka mingi. Ndiye aliyezamisha yale mabomba kwa mikono yake, mtu wa mzaha, mpole, aliyebeba vyombo vyake vya upimaji kama mtu anavyobeba mtoto aliyelala. Nukta akampigia.

"Kaka, umekiona hicho kifaa kwa macho yako?"

"Bosi amesema ni kibovu."

"Nimekuuliza wewe."

"Sijakiona," alisema hatimaye. "Haya, usinikasirikie. Kesho nitapanda mwenyewe. Nikikuta kibovu, utaniomba radhi mbele ya ofisi nzima, na magongo yako hayo."

"Nitakuomba hata kwa kupiga magoti, mguu ukipona."

Mpima alicheka. Nukta hakucheka. Alipiga simu ofisi ya wilaya, akazungushwa kutoka meza hadi meza, mwisho akapokelewa na karani mwenye haraka zake.

"Kilima hicho? Taarifa ya kampuni yenu tumeshaipata sasa hivi. Inasema kiko salama. Wewe ni nani huko?"

"Mimi ndiye ninayeziandika hizo taarifa."

"Mbona hii imesainiwa na mtu mwingine?" karani aliuliza, na bila kungoja jibu akamwambia alete barua ya mkurugenzi wake.

Kulikuwa na jambo jingine lililomkosesha raha. Dada yake, mzaliwa wa kwanza, alikuwa na karakana ya ushonaji chini ya kilima kile kile, ng'ambo tu ya barabara mpya. Alikuwa na mafundi wanawake watano na cherehani zisizonyamaza tangu asubuhi hadi jioni. Nukta alimpigia, akaweka simu kwenye spika ili baba naye asikie.

"Dada, nakuomba ufunge karakana siku mbili tatu. Kilima hakiko sawa."

"Nani kasema?"

"Hesabu."

"Mdogo wangu, nina sare za shule tatu hapa, shule zinafunguliwa wiki ijayo. Hiyo kompyuta yako itanikatia hata kola moja?"

"Dada, tafadhali. Hujaona chochote hapo? Ufa, maji machafu?"

"Hakuna chochote. Mlango wa stoo tu umekataa kufunga tangu jana. Mvua imevimbisha mbao."

Nukta alifumba macho. Stoo ndiyo iliyoelekea kilimani. "Mlango wenu wa stoo ni wa chuma, dada."

Cherehani zikasikika zikinguruma. Halafu dada akasema, "Basi kitasa. Acha nifanye kazi," na akakata.

Asubuhi iliyofuata mvua ilikatika. Jua lilitoka kali, watu wakafungua madirisha, mtaa mzima ukaanika magodoro. Hilo ndilo lililomtisha Nukta kuliko mvua yenyewe, kwa sababu sasa kila mtu angeamini kwamba hatari imepita, huku maji yaliyonyesha wiki nzima yakiwa bado njiani, yanashuka gizani ndani ya udongo. Alisogea kwa magongo hadi dirishani, akarudi, akasogea tena. Baba yake alimtazama akienda na kurudi.

"Dada yako atakuja," alisema ghafla.

"Haji, baba. Unamjua."

Mzee alichukua simu, akakohoa mara mbili, na sauti aliyoitoa hata Nukta alishtuka kuisikia. "Mwanangu... nimeanguka bafuni. Siwezi kuinuka. Mdogo wako naye mguu mmoja, ananitazama tu hapa. Njoo, mwanangu. Njoo haraka." Akakata. "Miaka thelathini," alisema, akirudi kwenye sauti yake, "nimewapa kadi wanaume wazima kwa ujinga huu huu."

Dada alifika kwa pikipiki, roho juu, utepe wa kupimia bado unaning'inia shingoni. Alipomkuta baba amesimama jikoni anaosha kikombe, alibaki mdomo wazi.

"Baba! Umenidanganya? Wewe?"

"Nimekudanganya. Kaa."

"Sikai! Nimewaacha mafundi na kazi chungu nzima, nimekuja nalia njia nzima, kumbe mnanichezea?" Akamgeukia mdogo wake. "Ni wewe! Wewe na hicho kidude chako!"

Simu ya Nukta ikaita kabla hajajibu. Alikuwa Mpima, akihema.

"Niko juu, kwenye la saba. Nimefungua kifuniko. Nukta, nisamehe."

"Kuna nini?"

"Maji yako hapa mdomoni. Nayagusa kwa mkono. Kifaa hakikuwa kibovu. Kama kina kosa, basi kilikuwa kinatupunguzia."

Nukta aliivuta kompyuta. Akarudisha alama kwenye kisanduku cha saba, akaandika kimo kipya cha maji, akabonyeza. Kile kiduara kilichoonyesha kwamba mashine ya mbali inafanya kazi kilianza kuzunguka. Kikazunguka, kikazunguka, kisha kikasimama. Ukurasa ukaandika kwamba hakuna mtandao.

"Bando limekwisha," alisema. "Jamani, bando limekwisha sasa hivi!"

Dada yake, aliyekuwa bado anafoka, alimtazama usoni na hasira zikamwishia hapo hapo. Akatoa simu yake mkobani, akawasha mtandao wake, akamsomea nywila herufi kwa herufi. Kiduara kikaanza upya. Wote watatu walikitazama. Nje mtoto wa jirani alikuwa anacheka juu ya kitu fulani, na jua lilikuwa limejaa sebuleni.

Namba ikaja. Sifuri nukta tisa saba.

"Ni nini hiyo?" dada aliuliza. "Nukta, ni nini hiyo?"

"Ni kwamba kilima hakipaswi kuwa kimesimama." Akaweka simu mdomoni. "Kaka, ondoka hapo. Usishukie barabarani! Panda juu, pita mgongoni kwa kilima, ukimbie."

"Nasikia kitu," Mpima alisema. "Mizizi inakatika. Nukta, huku chini naona watu. Wanawake, wameanika vitambaa kwenye kamba."

"Mafundi wangu," dada alisema kwa sauti ndogo.

Akaanza kuwapigia. Simu ya wa kwanza iliita hadi ikakatika, ya wa pili vivyo hivyo. Cherehani zikinguruma hakuna anayesikia simu ndani ya mkoba. "Pokeeni," alikuwa akisema, "pokeeni, pokeeni, jamani pokeeni."

"Nashukia huko," Mpima akasema.

"Hapana! Kaka, nisikilize—"

Simu ilikuwa imekatwa.

Yaliyofuata waliyatazama kwenye skrini, maana hawakuwa na pengine pa kutazama. Kilima kilikuwa pale, na rangi zake na mstari wake, kimetulia kama picha ya kitabu cha shule. Kwa dakika kadhaa hakuna kilichobadilika. Kisha kidoti cha saba kikawa kijivu. Dada akamshika Nukta bega. Kikafuata cha sita. Halafu cha nane na cha tano kwa pamoja, cha nne, cha tatu. Hakukuwa na sauti yoyote, vidoti vilizimika tu, kimoja kimoja, kama mtu anayepita nyumbani akizima taa chumba baada ya chumba. Kilipozimika cha mwisho, mzee aliketi chini sakafuni, na safari hii hakuwa anaigiza.

Simu ya dada iliita baadaye, walipokuwa wameshaacha kutumaini. Alikuwa fundi wake mkubwa, na kwa muda alisikika akilia tu.

"Tuko hai," alisema mwishowe. "Sote tuko hai, mama. Karakana haipo."

Ndipo wakapata habari yote. Mwanaume mmoja, matope hadi kwenye nyusi, alikuwa amekuja akiteremka kilima kwa makalio. Aligonga mlango kwa mguu wa chombo chake cha upimaji na kupiga kelele, wao wakadhani ni mwendawazimu. Mmoja alimtishia kwa mkasi. Hakujali, alimwinua mmoja kwenye kiti, akamsukuma mwingine nje, akapindua meza ya kukatia ili waache kung'ang'ania vitambaa. Walipokimbia hadi ng'ambo ya uwanja wa mpira ndipo walipogeuka, wakamwona bado yuko barabarani. Basi lilikuwa linakuja, limejaa watu. Alisimama katikati ya barabara, mikono juu, anapunga koti lake la kazini. Dereva alifunga breki, akaanza kurudi nyuma. Basi lilinusurika. Mpima alikuwa anakimbia kulifuata pale udongo ulipofika.

Walimpata kesho yake jioni.

Wiki ya pili baada ya mazishi, mkurugenzi alikuja nyumbani kwa Nukta na kikapu cha matunda. Alimsalimia mzee kwa heshima, akaulizia mguu, akaketi kwenye ukingo wa kiti.

"Tume itakuita," alisema. "Hakuna anayetaka kumchafua marehemu. Ni shujaa, na abaki hivyo. Ila kitakachoeleweka kirahisi ni hiki: vipimo vya bomba la saba vilichelewa kufika. Mtandao ulisumbua. Mitandao husumbua."

"Havikuchelewa, bosi. Nilikupigia."

"Tuliongea mambo mengi siku hiyo."

"Hapana. Tuliongea jambo moja."

Mkurugenzi alitazama kompyuta iliyokuwa mezani. "Hiyo mashine ya huko mbali, inatunza kila kitu? Nani kaingia, kafanya nini?"

"Inatunza."

Alitikisa kichwa taratibu, akashukuru kwa maji aliyopewa, akaondoka. Nukta alibaki ameshika gongo lake. Asubuhi yake alifungua kivinjari, akaandika nywila. Ukurasa ukamwambia si sahihi. Akaandika tena, herufi moja moja. Si sahihi. Mara ya tatu ukurasa ulimwambia kwamba mtumiaji huyo hayupo.

Alikaa akitazama maneno hayo mpaka dada yake alipoingia. Siku hizo dada alikuwa anashonea kwenye varanda ya Nukta, cherehani moja ya kuazima, na mafundi wake wakipokezana.

"Wamenifungia nje," Nukta alisema. "Kila kitu kiko huko. Sina hata namba moja mkononi."

Dada aliweka chini kitambaa alichokuwa amekishika. "Nani alikuwa amekaa hapa ulipompigia bosi wako? Baba. Nani alikuwa amesimama hapa namba ilipotoka? Mimi. Mtandao ulikuwa wa simu yangu. Mimi sijui hizo hesabu zenu, lakini nina macho. Nitakwenda kusema."

Walikwenda wote watatu. Mzee alivaa suti. Dada alizungumza kwa muda mrefu kuliko wote, na mmoja wa wajumbe alipotaka kumkatiza alimwambia angoje zamu yake. Karani wa wilaya naye aliitwa, akakiri kwamba Nukta alipiga simu. Tume iliandika kwamba bomba la saba liliondolewa kwenye hesabu kwa amri ya ofisi. Jina la Mpima lilisafishwa, na familia yake ikaambiwa hivyo mbele ya watu. Barabara ilifungwa. Mkurugenzi hakufungwa. Ilisemekana amepewa uhamisho, na hakuna aliyejua ni wapi.

Nukta alipata kazi kampuni nyingine, plasta ikatoka, akaanza tena kupanda vilima, polepole, mguu mmoja ukiwa mwembamba kuliko mwenzake. Mchana mmoja, akiwa anafunga viatu vya kazi, alipigiwa simu na namba asiyoijua. Ilikuwa sauti ya mwanamke kijana, akinong'ona kana kwamba kuna mtu chumba cha pili.

"Samahani, dada. Wewe ndiye Nukta? Nimeipata namba yako kwa shida. Mimi ni mhandisi, mgeni kazini. Tuna mabomba kwenye mteremko, moja halifanani na mengine, na bosi wetu mpya ameniambia nilitoe."

Nukta aliacha kamba za viatu. "Usilitoe. Huko mvua inanyesha?"

"Tangu juzi."

"Chini ya huo mteremko kuna nini?"

Nyuma ya sauti ya yule binti, kwa mbali, Nukta alisikia matone yakipiga bati.

"Kuna soko," binti alisema. "Limeshaanza kujaa watu."